Kulala Hemani Penye Maji Moto: Maelekezo kwa Wasafiri wa Narung'ombe

Dibaji

Hema si kitu kigeni Narung'ombe. Mwezi wa Julai, mwaka 1917, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana papa hapa, na turubai zama zile ilikuwa dari ya askari, wala hapana aliyelala chini yake kwa kustarehe. Leo zama zimegeuka, na hema hutiwa sakafu ya mbao, kitanda chenye godoro na choo chake, mgeni akalilipia kwa hiari yake. Kijitabu hiki kinamwelekeza mkazi wa Ruangwa na Nachingwea aliyeazimu kwenda kupumzika kwenye chemchemi za Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya. Na neno lake kubwa ni moja: maji ni ya moto, lakini nchi ni ya baridi.

Wakati na njia

Masika ya Mbeya huanza aghalabu Novemba, yakaendelea hata Aprili, na turubai iliyoloa siku tatu haina raha. Juni na Julai ni kukavu, ila baridi ya usiku ni kali, na mkulima wa mikorosho huku kwetu naye yumo shambani akipuliza salfa. Kwa hiyo Septemba ndiyo yafaa zaidi, maadamu kazi ya salfa imekwisha na minada ya korosho haijaanza. Njia hupita Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Makambako. Usiitie katika hesabu ya siku moja, bali weka akiba ya nauli na ya malazi ya njiani, kwenda na kurudi.

Hema na usiku wake

Jiji la Mbeya liko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na mtu aliyezoea kulala na shuka moja Narung'ombe atastaajabu alfajiri aonapo pumzi yake ikitoka kama moshi. Chukua sweta, soksi na blanketi la ziada, hasa kwa watoto na wazee. Lakini hata baridi ikushike namna gani, usiingize jiko la mkaa hemani, ijapokuwa makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi. Kwani hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini asipate hata kukohoa.

Maji yenyewe

Mvua huzama ardhini, ikapata moto chini kwa chini katika nyufa za Bonde la Ufa, kisha ikapanda tena na chokaa iliyoyeyuka, ambayo kwa karne nyingi imeganda ikawa mawe meupe. Maji ya Songwe yakitoka hukaribia nyuzi 80, na ngozi huungua kwa sekunde chache katika maji ya nyuzi 60. Basi usitie mguu ili kujaribu, wala usimwachie mtoto mkono. Oga pale tu palipotengwa, ambapo maji yamepoa hadi nyuzi 40 au chini yake, na dakika 15 zatosha. Mja mzito, na mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, amwulize tabibu kabla ya safari.

Hewa ya mabondeni

Katika nchi za volkano, kama hii ya Mbeya, hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito hutuama mashimoni. Watu wa Goma, huko Kongo, huiita mazuku, na Rungwe, mkoani Mbeya, huvunwa kwa matumizi ya viwanda. Hema lipigwe mahali palipoinuka na penye upepo, na ukiona ndege au mijusi wamekufa kishimoni, jiepushe napo hima.

Kabla ya kulipa, uliza

1. Hema lina mablanketi mangapi kwa kila kitanda?
2. Maji ya kunywa hutoka wapi? Ya chemchemi si ya kunywa.
3. Choo ki ndani, au ni mwendo wa gizani?
4. Nani huwaongoza wageni chemchemini, na zahanati ya jirani iko wapi?
5. Stakabadhi hutolewa, na pesa hurejeshwa safari ikivunjika?

Akikujibu mwenye hema kwa sifa za maji pekee, mrudishe kwenye swali la kwanza.