Rangi baadaye, mdogo wangu

Umeniuliza ununue nyuzi za rangi gani za kufungia nzi wa yai, yaani chambo cha ndoano kinachoiga yai la samaki, wale wazito, maana anayekupa kazi anataka sampuli. Najua zile za waridi zinavyovutia. Lakini anayelengwa ni trauti aliyetulia chini ya mto, Alaska au kwenye mito inayoingia Maziwa Makuu ya Marekani, msimu samoni wanapotaga. Mayai ambayo hayakufukiwa na changarawe husombwa na maji huku chini kabisa. Nzi wako akipita juu, hata apendeze vipi, ataachwa apite.

Kwa hiyo anza na ndoano. Tafuta yenye shina fupi, mdomo mpana na chuma kinene. Namba 10 hadi 14 zinafaa trauti wa kawaida; 6 au 8 ni za wale wakubwa wanaopanda kutoka ziwani. (Namba ikipanda, ndoano inapungua.) Shina refu hutokeza nyuma kama mkia wa mjusi, na yai halina mkia. Ukishafunga, tazama nafasi iliyo kati ya ncha na shina. Nyuzi zikiijaza, samaki atauma na kutema, na lawama utabeba wewe uliyefunga.

Sasa uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11 na ushei. Ya tangsteni ina 19. Ndiyo maana shanga ndogo ya tangsteni hujificha vizuri ndani ya yai. Ni ghali, sikufichi. Ila risasi ni sumu, na wewe unafunga nyumbani, watoto wakizunguka meza. Tena Hifadhi ya Yellowstone imepiga marufuku vifaa vya kuvulia vyenye risasi. Mimi ningelipia tangsteni. Ipitishe kwenye ncha kwa tundu lake dogo kwanza; ikikwama kwenye jino la ndoano, libane jino kwa koleo.

Nyuzi ziwe zile za sintetiki za kazi hii, si sufu ya sweta. Shika chache, zikaze katikati, nyuma ya shanga, kwa uzi wa Kevlar. Uzi wa cherehani utakukatikia mkononi. Vuta zote juu, kisha kata mara moja tu kwa mkasi mkali. Ukiziachia zinachanua zenyewe na kuifunika shanga. Mkasi butu utakupa yai lenye mabonde. Na usizirundike, kwani nyuzi nyingi huchelewesha kuzama, na ile pesa ya tangsteni inakuwa imekwenda bure.

Haya, rangi: kwa maji maangavu, pichi iliyofifia; kwa maji ya tope, chungwa kali. Yai halisi ni dogo, usilikuze kupita kiasi.

Peleka namba 10 na 12, na kwenye karatasi ya sampuli uandike kilichotia uzito ni nini. Mnunuzi ana haki ya kujua.