Si Kila Aliyeondoka Alifia Burma

1. Ukimtafuta ndugu aliyefia vitani, usianze na Burma. Kwetu kila aliyevuka bahari na jeshi la Mwingereza katika Vita vya Pili vya Dunia "alikwenda Burma", na kaka yake babu, askari wa mizinga, ikasemwa kafia huko. Ni shangazi aliyetufumbua macho. Wanaume walinisimulia vita; yeye alikumbuka kwamba habari ya msiba iliwakuta shambani wakipalilia mahindi, mwaka aliozaliwa baba yangu, 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, Burma, kuanzia Agosti mwaka huo. Palizi kwetu ni Aprili. Basi alifia wapi?

Baharini. Kikosi chake cha mizinga, cha 301, kilipakiwa Mombasa kwenye meli Khedive Ismail, kikipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Meli ilizama kwa dakika chache tu, wakafa watu zaidi ya 1,200.

2. Tafuta namba ya jeshi. Makarani waliandika majina walivyoyasikia: R ikawa L, jina la baba likageuka la ukoo. Katika tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambako kutafuta ni bure, jina tunalomwita sisi kaka huyo wa babu halikutoa kitu. Namba iliyokuwa kwenye barua ya malipo ya mama yake ndiyo iliyompata.

3. Kaburi laweza kuwa jina ukutani. Askari wa kikosi cha 301 waliozama na meli ile wameandikwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Waambieni wazee mapema! Wetu walikwisha kuandaa kitambaa cha kuchukulia udongo wa kaburini kuuleta nyumbani, wakabaki kubishana kama udongo wa Nairobi unafaa. Mimi naona haufai, ila sikuulizwa.

4. Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza, hesabu ni nyingine. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao, na sanamu ya Askari iko katikati ya jiji hilohilo, lakini jina la mpagazi hata mmoja hulikuti.