AMRI YA TANO: KUUA KWA KUSUDI NA KUUA BILA KUSUDI

Amri ya tano yakataza kuua. Lakini mtu akifa kwa mkono wa mwenziwe, hatia haiwi sawa kila mara. Mkatekumeni na awafikiri watu watatu.

Wa kwanza, katika nchi ya Kabambare, ana neno na jirani yake juu ya shamba. Usiku anoa mkuki. Alfajiri amvizia katika njia ya kwenda mto Luama, amchoma, naye afa.

Wa pili agombana na ndugu yake penye pombe. Kwa hasira ampiga fimbo kichwani. Alitaka aumie, hakutaka afe. Siku ya tatu ndugu afa.

Wa tatu ni mwindaji wa upande wa Kasongo. Jioni aona majani yakitikisika, adhani ni nguruwe wa mwitu, apiga bunduki. Akikaribia, akuta ni mwenzake.

Vilio vya matanga ni sawa, lakini mioyo mitatu hiyo si sawa. Dhambi ya mauti yahitaji mambo matatu: jambo lenyewe liwe kubwa, mtu ajue, na moyo ukubali.

Kanuni ya Adhabu ya Kongo, ya tarehe 30 Januari 1940, nayo yapambanua. Aliyeua kwa nia ya kuua ana hatia kubwa kupita wote. Akiwa amelipanga tendo mbele, lina jina la peke yake. Aliyepiga kwa kusudi bila nia ya kuua, mtu akafa, afungwa miaka 5 hata 20. Aliyeua kwa kukosa hadhari afungwa miezi 3 hata miaka 2, na kulipa faini. Basi mwindaji asiseme, “Sikukusudia, sina neno.” Ataulizwa, “Mbona hukutazama kwanza?”

Waisraeli wa kale walijua jambo hili. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, chataja watu wawili waliokwenda kukata miti. Shoka likachomoka katika mpini likamwua mmoja. Mwenye shoka, ikiwa hakumchukia mwenzake tangu zamani, aliweza kukimbilia mji wa makimbilio. Miji hiyo ilikuwa 6. Iliwekwa ili mlipiza kisasi, moyo wake ukiwaka, asimwue mtu asiyestahili kufa.

Hapo pana hatari kwa jamaa wa marehemu. Wakikaa usiku kupanga kumvizia yule mwindaji, wao ndio wanaonoa mkuki kama mtu wa kwanza. Mwindaji aliua bila kutaka. Wao wataua kwa kutaka.

Mwindaji naye asijifiche. Aende kwa chifu, aseme kweli, awasaidie mjane na yatima.

MASWALI

1. Mambo gani matatu huifanya dhambi kuwa ya mauti?
Jambo kubwa, kujua, na kukubali kwa moyo.

2. Je, asiyekusudia hana hatia kamwe?
Ana hatia akikosa hadhari iliyompasa.

3. Je, kulipiza kisasi ni haki?
Sivyo. Ni kuua kwa kusudi. Hukumu ni ya waamuzi.