Dondoo muhimu: Kufuta tawi bila kupoteza kazi

Mtengeneza programu anayeandika mfumo wa kukokotoa mrabaha kwa wanunuzi wa soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hufungua tawi jipya katika Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, kila viwango vinapobadilika. Kazi ikiisha, tawi hufutwa. Hapo ndipo amri iliyobuniwa vibaya inapoumiza.

Git inaanza vizuri: `git branch -d mrabaha` hukataa ikiwa kazi ya tawi haijaunganishwa, ilhali `-D` hufuta kwa nguvu bila kuuliza. Lakini herufi hizo zinatofautiana kwa ukubwa tu, na kidole huteleza. Anayebuni amri yake aipe njia ya nguvu neno refu, kama `--futa-kwa-nguvu`, na asiiwekee kifupisho kabisa.

Baada ya kufuta, amri itaje namba ya badiliko la mwisho. Git huitaja. Namba ikiwa 3f9c2a1, `git branch mrabaha 3f9c2a1` hulirudisha tawi. Kwa mpangilio wa kawaida, kumbukumbu za mabadiliko yaliyobaki bila tawi hutunzwa siku 30.

Kufuta tawi la kwenye seva kudai amri yake yenyewe, kama Git inavyofanya: `git push origin --delete mrabaha`. Mtengeneza programu mwenzake aliyeko Kahama ataendelea kuliona kwenye orodha yake mpaka aendeshe `git fetch --prune`.