SOMO LA MWEZI: KISAMVU KWA NYAMA YA KUBANIKWA

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za miche, ukaushaji na mizani. Mwezi huu naomba ruhusa yenu tuingie jikoni. Mwenye kuona kwamba jiko si kazi ya chama cha wakulima wa karafuu, na asome kwanza mpaka mwisho, kisha aseme.

Sababu ni hii. Msimu uliopita, katika kambi moja ya uchumaji niliyokuwa nikiisimamia mimi mwenyewe, wachumaji sita waliamka usiku wakitapika, vichwa vyawauma na macho yaona kiza. Jioni walikuwa wamekula ugali kwa kisamvu. Tuliwapeleka kituo cha afya kwa gari ya kuchukulia magunia, na kwa fadhila za Mwenyezi Mungu kesho yake jioni wote walikuwa wima.

Tabibu alituuliza maswali matatu tu. Majani mliyatwanga? Mliyachemsha muda gani? Sufuria ilikuwa wazi au imefunikwa? Majibu yetu yalikuwa ya aibu. Kinu tulikiacha nyumbani kwa kuwa ni kizito, majani yakakatwakatwa kwa kisu. Yalichemka nusu saa. Na sufuria ilifunikwa ili kuni zisiishe. Mpishi hana lawama. Mimi ndiye niliyemwambia afanye haraka, watu walale mapema, alfajiri wawe mikarafuuni.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda kutazama mikarafuu ya wenzetu wa bara, katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Nilikwenda kwa ajili ya miti, nikarudi na somo la chungu. Ndilo ninalowaletea.

MILIMA YENYEWE

Kutoka Dar es Salaam mpaka mji wa Morogoro, treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 huenda kwa muda wa saa mbili hivi. Ukishuka, milima imesimama nyuma ya mji kama ukuta. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita meta 2,600. Humo ndimo unamozaliwa mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam wanakunywa maji yake.

Mikarafuu haiko upande wa mji. Yapasa kuzunguka mpaka upande wa mashariki, wa Kinole, Mkuyuni na Matombo, ambao huelekea bahari na hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Huko Waluguru wamepanda karafuu pamoja na migomba, minazi, mdalasini, iliki na pilipili manga, kwenye miteremko ambayo mgeni wa kisiwani huipanda kwa mikono na magoti.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Kinole, mwenye mikarafuu yake mwenyewe. Msistaajabu, kwani kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo vilevile. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Leo mtakula mboga ya kwetu, lakini msiniharakishe." Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Tulikula saa nane na nusu.

NYAMA JUU YA MOSHI

Jambo la kwanza nililoliona jikoni mwake ni uchaga, yaani kitanda cha miti kilichotundikwa juu ya mafiga. Juu yake palikuwa na mahindi ya mbegu, na vipande virefu vya nyama, vyeusi na vikavu kama ngozi.

Sisi watu wa karafuu tutalifahamu jambo hili upesi. Karafuu mbichi ikikosa jua huvunda, hupauka, na bei yake hushuka. Nyama nayo ni hivyo hivyo, maji yaliyomo ndani yake ndiyo yanayoiharibu. Katika milima yenye mvua na ukungu jua haliaminiki, na soko la nyama li mbali. Basi moshi hufanya kazi ya jua.

Nyama hukatwa vipande virefu kama mikanda, ikatiwa chumvi na kubanikwa juu ya moto mdogo siku kadha wa kadha, mpaka ikauke kabisa. Chumvi na joto huondoa maji. Moshi wenyewe una vitu vinavyozuia vijidudu na kuzuia mafuta yasichache. Vitu hivyo huitwa fenoli, na eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni ya jamaa hiyo hiyo. Basi harufu ya nyama ya moshi na harufu ya karafuu ni ndugu wa ukoo mmoja.

Lakini jihadharini. Nyama isikaribie moto hata ikaungua, maana masizi mengi si chakula. Na ikiota ukungu au ikinuka uvundo, itupwe, hata kama iligharimu fedha.

Kabla ya kula niliuliza kwa adabu: mama, nyama hii ni ya mnyama gani, na kachinja nani? Hakuona vibaya. Alisema ni mbuzi wa harusi, kachinjwa na mwalimu wa madrasa ya bondeni. Mwislamu anayenunua nyama ya namna hii barani na aulize vivyo hivyo, kwa kuwa ikisha kukauka, nyama zote hufanana.

KISAMVU NA SUMU YAKE

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Muhogo, kama mkarafuu, si mzaliwa wa kwetu. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Ni mgeni mwenye manufaa, lakini ana silaha yake.

Ndani ya jani la muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Katika jani hilo hilo, mahali pengine, mna kitu kingine mfano wa chachu. Jani likiwa zima viwili hivi havikutani. Likipondwa hukutana, na hapo huzaliwa hewa ya sumu iitwayo sianidi.

Mtu atauliza: ikiwa kutwanga ndiko kunakozaa sumu, mbona twatwanga? Hili ndilo swali zuri. Jibu lake ni kwamba sumu hii huchemka na kuruka kwa joto la digrii 26 tu, ambalo ni chini ya joto la mchana wa kwetu. Ikizaliwa kinuni, hutoka ikaenda zake hewani. Lakini majani yakikatwa kwa kisu na kutiwa katika maji ya moto, ile chachu hufa kabla haijamaliza kazi, na linamarini iliyosalia huingia tumboni pamoja na tonge. Huko tumboni vijidudu vya utumbo huimaliza kazi ile, na sumu huzaliwa ndani ya mtu. Ukifunika sufuria, hata ile iliyokwisha kuzaliwa waizuilia njia.

Basi maswali matatu ya tabibu yalikuwa na maana zake. Na yule mama wa Kinole, ambaye hakunitajia sianidi hata mara moja, aliyafuata yote matatu kama alivyofundishwa na mama yake.

NAMNA YA KUPIKA

Vipimo hivi vyatosha watu wanane: kisamvu kichanga kilo moja, nyama ya kubanikwa nusu kilo, nazi mbili, vitunguu viwili na chumvi.

1. Chuma majani machanga ya juu. Ondoa vikonyo vyake, osha, kisha twanga katika kinu mpaka yawe laini kabisa na yasionekane vipande. Hapa hapana njia ya mkato.

2. Tandaza kisamvu juu ya ungo, tabaka nyembamba, juani kwa muda wa saa mbili. Kama hakuna jua, kiache kivulini saa tano. Kisha kioshe kwa maji safi mara tatu na kukikamua.

3. Wakati huo shughulikia nyama. Kwangua masizi, osha kwa maji ya moto, iloweke saa moja, umwage maji hayo. Ichemshe peke yake mpaka ilainike, kisha ikate vipande vidogo. Supu yake usiimwage.

4. Bandika kisamvu kwa maji mengi, chungu kikiwa wazi. Na kichemke saa moja nzima, ukiongeza maji kila yanapopungua. Mpishi asiiname juu ya mvuke, na jiko liwe na njia ya hewa.

5. Maji yakipungua tia nyama, supu yake, vitunguu na tui la pili. Ondoa kuni kubwa, acha makaa. Hapa waweza kufunika nusu. Acha kitokote polepole saa moja nyingine, ukikoroga kwa mwiko chini kisigande.

6. Mwisho tia tui la kwanza, lile zito, na chumvi baada ya kuonja, kwa sababu nyama ina chumvi yake. Koroga mpaka lichemke mara moja, kisha ipua. Wengine hutia karanga za kusaga mahali pa nazi.

Tulikula kwa ugali wa mahindi. Kisamvu kilikuwa laini, kizito, kimeshika harufu ya moshi, na nyama ile iliyokuwa kama ngozi ilikatika kwa vidole. Karafuu haikuingia chunguni hata punje moja, ingawa tulikuwa watu wa karafuu kutoka pande mbili za bahari. Nilipomwuliza mama sababu, alicheka akasema, "Hizo ni za kuuza, mwanangu." Nadhani jibu hili hata kwetu lajulikana.

KWA NINI NYAMA

Nyama haikuwekwa kwa ladha tu. Mwili wa binadamu una njia yake ya kuitoa sumu kidogo ya muhogo iliyobaki, lakini kwa kazi hiyo wahitaji salfa, nayo hupatikana katika vyakula vya kujenga mwili, kama nyama, samaki, mayai na kunde. Mtu anayekula muhogo mchungu usioandaliwa vyema, siku nyingi, bila ya vyakula hivyo, yuko hatarini.

Nchi yetu imeyaona haya. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime, na tena mwaka 2002 na 2003 mkoani Mtwara, watu walipatwa na maradhi yaitwayo konzo, ambayo hupoozesha miguu ghafla na hayaponi. Jina hilo ni la lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Kule chanzo kilikuwa unga wa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka kwa sababu ya njaa, wala si kisamvu. Hata hivyo aliyefungua mlango ni yule yule, yaani haraka.

Wala mtu asidhani kwamba nyama ni dawa ya kisamvu kilichopikwa vibaya. Asiyekuwa na nyama na atie dagaa au kunde, lakini kutwanga na kuchemsha hakuna badala yake.

JUU YA KUNI

Najua mtasema kwamba chungu cha saa nyingi ni kuni nyingi. Ni kweli. Waluguru nao walijua, kwa kuwa msitu wa juu ya milima yao ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na si halali kuukata. Mama yule alitumia matawi makavu ya shamba lake, na moto mkubwa aliuwasha kwa ile saa ya kwanza tu. Baada ya hapo yalikuwa makaa. Moto huo huo ulikuwa ukibanika nyama nyingine juu ya uchaga. Hapana sababu ya mtu yeyote kutia shoka katika mkarafuu kwa ajili ya mboga.

OMBI LANGU KWENU

Naleta mbele ya mikutano ya matawi mambo mawili, yaamuliwe kabla ya msimu kuanza. La kwanza, kila kambi ya uchumaji ichukue kinu na mchi, kama inavyochukua majamvi. La pili, siku ya kisamvu mpishi aanze kazi asubuhi, wala asihesabiwe kuwa mvivu. Kinu ni kizito, lakini kuliko yote niliyobeba msimu ule, mzito zaidi alikuwa kijana mmoja niliyempakia garini usiku, naye hajiwezi.

MASWALI YA KUSOMEWA TAWINI

1. Kwa nini kukata kisamvu kwa kisu hakutoshi?
2. Kwa nini saa ya kwanza chungu huachwa wazi?
3. Moshi hufanya kazi gani ambayo jua hufanya katika karafuu?
4. Kambi yenu ina kinu? Kama haina, nani atakileta, na lini?

Swali la nne ndilo ninalotaka jibu lake kwa barua.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama