Kitufe cha "Sasisha nauli" kisimwamini aliyekibonyeza

Tuseme wakala wa tiketi za mabasi pale Manundu, Korogwe, ana tovuti ya WordPress, nawe umemtengenezea plagini ndogo ya kuonyesha nauli za Handeni, Lushoto, Tanga na Dar es Salaam. Kwenye dashibodi anabandika orodha mpya, anabonyeza "Sasisha nauli", bei zinabadilika. Kitufe chenyewe hakina kazi. Kazi iko nyuma yake.

Anza na nani amebonyeza. Mafundi wengi huandika is_admin() wakidhani wameshafunga mlango. Hawajafunga kitu: inauliza tu kama ombi limepitia upande wa dashibodi, na linalopitia admin-post.php au admin-ajax.php hujibiwa ndiyo hata kama aliyelituma hajaingia kwa nywila. Tumia current_user_can('manage_options'). Kumfichia karani menyu nako si kumzuia.

Kisha ombi limetoka wapi? Kitufe kikiwa kiungo cha kawaida, tapeli atamtumia mwenye tovuti kiungo kilekile kwa WhatsApp. Akikigusa kabla hajatoka kwenye dashibodi, nauli zimebadilika kwa jina lake. Weka fomu ya POST yenye wp_nonce_field(), na upande wa kupokea uwe na check_admin_referer(). Tokeni hiyo haimpi mtu ruhusa, kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ubaki palepale.

Panapoumiza zaidi ni kwenye tarakimu. Wakala ataandika 15,000, kama tuandikavyo sote. Kwenye PHP, (int) "15,000" ni 15. Abiria wataona nauli ya shilingi kumi na tano, na simu zitaanza kulia. Ondoa mkato kwanza, kataa kilicho sifuri au kitupu, linganisha na kiwango cha juu kilichotangazwa na LATRA. Mstari mmoja ukiwa na kasoro, kataa orodha nzima na umtajie mstari wenyewe. Wala usifute nauli za zamani papo hapo: weka mpya pembeni, zikikaguliwa zikapita ndipo ubadilishe zote kwa mkupuo, za jana zibaki kwa ajili ya kurudisha.

Mtandao ukisuasua, mtu hubonyeza tena na tena. JavaScript ya kukizima kitufe inasaidia, lakini kufuli halisi liwe kwenye seva. WordPress inalo tayari, WP_Upgrader::create_lock(), ukishajumuisha faili lake. Lipe muda wa kuisha, dakika 5 zinatosha, lisije likabaki limefungwa kazi ikikwama. Umeme nao! Wilaya ya Korogwe ina mtambo wa Hale tangu 1964, na bado modemu huzimika katikati ya kazi. Kwa kawaida PHP huikatiza kazi inapojaribu kumjibu mtu aliyekwisha kukatika, hivyo tanguliza ignore_user_abort(true).

Ukimaliza, mrudishe kwa wp_safe_redirect() ili akifungua ukurasa upya kazi isijirudie, na umwandikie "Nauli 6 zimebadilika", si "Imefanikiwa".

Kabla ya kukabidhi, fungua akaunti ya majaribio yenye cheo cha mhariri na utume ombi hilo kwa mkono. Likipita, usimkabidhi mteja plagini hiyo.