Ikisiri ya Utafiti wa Uzazi Kutoka Sanya Juu: Maswali na Majibu

Wahudumu wa afya wa Siha na Moshi, mkoani Kilimanjaro, huwapokea wanandoa wanaotafuta mtoto bila kumpata. Wanayoyaandika kwenye rejista na mafaili yana thamani kubwa kwa sayansi ya uzazi, lakini mengi huishia kabatini. Haya ndiyo maswali wanayouliza wauguzi, matabibu na wanafunzi wanaotaka kutuma ikisiri kwenye mkutano wa kisayansi kwa mara ya kwanza.

Swali: Nipo kituo kidogo Sanya Juu. Nina jipya gani la kuwaeleza mabingwa wa dunia?

Unalo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani. Katika nchi zetu, sababu moja kubwa ni maambukizi yanayoziba mirija ya uzazi. Moshi imeshawahi kutoa ushahidi wake: Ulla Larsen, Gileard Masenga na Joseph Mlay walichapisha utafiti kuhusu ugumba mjini humo katika East African Medical Journal mwaka 2006.

Sanya Juu pia ina Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Bakteria wa kifua kikuu huweza kusafiri kwa damu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu kimyakimya, mama asijue hadi atafute mimba aikose. Ni wanawake wangapi wenye ugumba waliwahi kuugua kifua kikuu? Swali hilo linaulizika vizuri kutokea hapa kuliko katika miji mingi mikubwa.

Swali: Nianze kuandika au nianze na kibali?

Kibali kwanza, hata kabla ya kufungua rejista. Taarifa zilizochukuliwa kwa ajili ya matibabu haziwi za utafiti kwa sababu tu ziko mezani kwako. Zungumza na uongozi wa kituo, kisha peleka andiko lako kwenye kamati ya maadili, kama ile ya chuo kikuu cha tiba cha KCMC, au kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Usome na masharti ya cheti cha kibali, kwa kuwa NIMR hutaka iombwe ruhusa kabla matokeo hayajachapishwa. Ikisiri za mikutano mikubwa huchapishwa, kwa hiyo ulizia mapema.

Swali: Ikisiri inapangwaje?

Kila mkutano una mpango wake. Jumuiya ya Ulaya ya Uzazi wa Binadamu na Embriolojia (ESHRE) hutaka uanze na swali la utafiti, kisha jibu lake kwa ufupi. Hufuata yanayojulikana tayari, muundo na muda wa utafiti, washiriki na mbinu, matokeo makuu, mapungufu, na maana ya matokeo kwa wengine. Wahakiki hawaoneshwi majina ya waandishi, kwa hiyo usitaje hospitali yako mahali ambapo masharti yanakataza.

Usiogope ufupi. Robert Edwards na Patrick Steptoe waliwatangazia madaktari kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili, kwa barua fupi katika jarida la Lancet, Agosti 1978.

Swali: Wagonjwa wangu ni wachache. Nitakubaliwa?

Uchache si kosa; kosa ni kuuficha. Tuseme umepitia mafaili ya wanawake 80 na 20 kati yao mirija imeziba. Hiyo ni asilimia 25, lakini kwa idadi hiyo kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 16 na 36 hivi. Andika yote mawili. Usidai kwamba wanawake wa Kilimanjaro wote wako hivyo, maana uliowaona ni wale tu waliofika kliniki.

Swali: Naweza kuandika kuwa matokeo yatatolewa mkutanoni?

Hapana. Ikisiri isiyo na matokeo haimpi mhakiki cha kupima. Kama hujamaliza kuchambua, subiri mwaka ujao.

Swali: Nilinde vipi siri za wagonjwa?

Kufuta jina hakutoshi. Ukiandika umri, kijiji, kazi na idadi ya ndoa za mama mmoja, jirani yake atamtambua. Tumia makundi ya umri, taja wilaya badala ya kijiji, na usieleze kisa cha mtu mmoja bila ridhaa yake ya maandishi.

Swali: Niwachunguze wanawake peke yao?

Hapana, waingize wanaume pia. Katika takriban nusu ya visa vya ugumba, tatizo la mwanamume linahusika. Utafiti unaompima mke peke yake unaendeleza lawama ambazo wanawake wetu wamebebeshwa kwa muda mrefu mno.

Swali: Nauli ya Ulaya sina. Nifanyeje?

Anza karibu. Chama cha madaktari wa wanawake na uzazi nchini, AGOTA, kina mikutano yake, na NIMR pia. Mwaka 2018 Kampala ilipokea mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Uzazi (IFFS), hivyo mikutano ya dunia nayo hufika kwetu. Kabla ya kutuma, uliza kama kuna ada ya usajili na kama wapo wafadhili wa watafiti chipukizi.

Jihadhari na barua pepe zinazokusifu, zinazokubali ikisiri ndani ya siku moja na kudai malipo ya haraka. Muulize mwalimu au bingwa unayemwamini kabla hujalipa.

Swali: Nikikataliwa?

Soma tena swali lako la utafiti, maana mara nyingi ndipo udhaifu ulipo. Mpe mwenzako aisome ikisiri yako. Asipoweza kukueleza ulichogundua, iandike upya. Na ikikubaliwa, hakikisha muuguzi au mtaalamu wa maabara aliyeshiriki kikamilifu ametajwa miongoni mwa waandishi.

Ukirudi kutoka mkutanoni, itisha kikao kituoni na uwaeleze wenzako matokeo kwa Kiswahili. Wanandoa waliotoa taarifa zao wana haki ya kuona huduma ikiboreka kwa sababu ya taarifa hizo.